Maswali ya Wasomaji: Anayekuchoma Sindano Alisomea Wapi?

Swali: Shikamoo mshauri. Mama mkwe wangu ana miaka 63, na mgongo umekuwa ukimsumbua tangu mwaka juzi. Jirani ametuelekeza kwenye kliniki ya tiba ya Kichina ambako mtaalamu huchoma sindano nyembamba mgongoni na miguuni. Ukutani kuna cheti kikubwa cha Kichina ambacho hakuna kati yetu anayeweza kukisoma, na nilipouliza alisomea wapi, msaidizi wake alinijibu kwamba huyo ni daktari kamili. Nitajuaje kama kweli ameisomea kazi hiyo? Msomaji wa Tanga.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya sindano ya kwanza. Neno "daktari" ndilo linalotuchanganya hapa, kwa sababu huko China kwenyewe watu hufika kwenye kazi hii kwa njia zaidi ya moja. Njia kuu ni chuo kikuu. Mwaka 1956 serikali ilifungua vyuo vinne vya tiba ya Kichina katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na tangu hapo shahada ya miaka mitano ndiyo imekuwa mlango wa walio wengi. Mwanafunzi hujifunza kusoma mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kuutazama ulimi, dawa za mitishamba na sindano, na sambamba na hayo husoma maumbile ya mwili na magonjwa kama yanavyofundishwa katika udaktari wa hospitali. Baada ya mazoezi ya wodini hufanya mtihani wa leseni ya serikali. Njia ya pili ni ya uanagenzi, yaani kujifunza kwa miaka mingi chini ya mwalimu mmoja, na sheria ya tiba ya Kichina iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2017 inawaruhusu watu wa namna hiyo kupimwa ujuzi wao na kupewa leseni. Kwa hiyo asiye na shahada si lazima awe tapeli. Lakini pia zipo kozi fupi za wiki chache, na cheti chake kinaweza kuwa na mhuri mwekundu mzuri kama ule wa shahada. Omba tafsiri ya cheti kile. Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na ombi hilo.

Wachina wenyewe walilishughulikia suala hili la kumpima mchoma sindano zamani sana. Mnamo mwaka 1027, enzi ya watawala wa Song, tabibu wa ikulu aitwaye Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba zenye umbo la mtu mzima, zilizotobolewa matundu madogo mahali pa vituo vya sindano, yaani sehemu za mwili zinazochomwa. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta ili matundu yasionekane, ikajazwa maji, na mwanafunzi akaambiwa achome kituo alichotajiwa. Akipatia, maji yalichuruzika. Akikosea, sindano iligota kwenye shaba.

Leo Shirika la Afya Duniani linatambua vituo 361 vya msingi, lakini kujua mahali pa kituo hakutoshi kama hujui kina chake. Kipo kituo kiitwacho jianjing, juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, ambacho hutumiwa sana kwa watu wenye shingo na mabega yaliyokakamaa. Chini yake tu ndipo kilipo kilele cha pafu. Sindano ikizama mno hapo, hewa huweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa na mgonjwa akakosa pumzi. Ajali hiyo ni nadra, lakini ni kwa ajili yake ninasisitiza kuuliza ni saa ngapi mtu amefanya kazi mbele ya macho ya mwalimu. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 1999 ulipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa mtu asiye daktari wa hospitali, na zisizopungua 1,000 kati yake ziwe za vitendo.

Hapa Tanzania Bara unayo haki ya kuuliza jambo jingine lililo rahisi kuhakikishwa kuliko cheti cha ukutani. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili watoa huduma na kliniki zao pia. Omba namba zote mbili, ya mtu na ya kliniki, kisha uziulizie kwenye Baraza au kwa mganga mkuu wa wilaya. Siku ya matibabu, mwangalie anavyofungua sindano: iwe kwenye pakiti iliyofungwa, atumie mara moja, kisha aitupe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Mimi niliwahi kumwona mmoja akipanga sindano zilizokwisha kutumika kwenye kisahani cha spiriti ili amchome mgonjwa mwingine, nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Homa ya ini haifi kwa kuchovywa kwenye spiriti namna ile.

Na kabla ya yote, kama mama mkwe hupungua uzito, huamshwa na maumivu usiku, hufa ganzi miguu au hushindwa kuzuia haja, mpeleke hospitali kwanza.

Swali: Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na ninatamani kwenda China kusomea tiba ya Kichina. Je, nikirudi nitakuwa daktari? Msomaji wa Mwanza.

Jibu: Kijana wangu, ukirudi na shahada hiyo utakuwa mtaalamu wa tiba ya Kichina, na usajili wako wa kawaida utakuwa kwenye Baraza nililolitaja hapo juu. Baraza la Madaktari ni chombo kingine, na shahada yake ni nyingine. Nimeona vijana wakiligundua hili baada ya wazazi kuuza shamba, na linaniuma kila mara. Waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo unachokitaka kinatambulika, na uliulize Baraza lenyewe litakusajili kwa jina gani, kabla hujalipa ada.

Jiandae pia kwa lugha. Programu nyingi hufundishwa kwa Kichina, na hata ukipata ya Kiingereza, mgonjwa wodini atakueleza tumbo lake kwa Kichina. Vitabu vya msingi vilianza kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane iliyopita, nawe utatakiwa kuvisoma. Kuhusu sindano, utaanza na mafungu ya karatasi na vifurushi vya pamba vilivyofungwa uzi, ukichoma mpaka kidole gumba na cha shahada vijifunze kuzungusha bila kupinda, kisha utahamia kwenye mguu wako mwenyewe, chini ya goti.

Usiyadharau masomo ya dawa. Mapema miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake wapatao mia moja waliokuwa wakipunguza unene waliharibikiwa figo kwa sababu mzizi uitwao fangji ulibadilishwa na guang fangji, mmea tofauti wenye sumu. Tofauti ya jina ni silabi moja. Walioandika dawa zile walikuwa madaktari wa hospitali ambao hawakuwa na mafunzo ya tiba ya Kichina.

Swali: Nimesoma kwamba utafiti wa Ujerumani ulionyesha sindano zilizochomwa ovyo husaidia mgongo karibu sawa na zilizochomwa vituoni. Miaka mitano ya masomo ni ya nini basi? Msomaji wa Hamburg.

Jibu: Umesoma vizuri. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 waligawanywa makundi matatu: waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za vituoni, 44.2 kwa zile za nje ya vituo zisizozama sana, na 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Ninaamini mafunzo kuhusu mahali hasa pa kituo yana uzito mdogo kuliko walimu wengi wanavyofundisha, angalau kwa maumivu ya mgongo. Lakini waliochoma makundi yote mawili ya sindano walikuwa madaktari, wenye mafunzo ya sindano yasiyopungua saa 140 juu ya udaktari wao. Walijua pafu liko wapi, na walijua mgongo upi si wa kuchomwa bali wa kupigwa picha haraka.

Huko uliko, sindano huchomwa na madaktari wenye mafunzo ya ziada, na pia na wale waitwao Heilpraktiker, waganga wasio madaktari, ambao hupita mtihani wa idara ya afya lakini sheria haiwawekei muda maalumu wa masomo. Bima ya umma hulipia sindano za mgongo na za goti kwa daktari tu. Ukienda kwa Heilpraktiker, muulize alisoma miaka mingapi na nani alikuwa amesimama kando yake alipokuwa akijifunza.