Watawa wa Redon waliishije?

Umeuliza watawa wa kale wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, waliishije ikiwa kazi yao ilikuwa kusali tu. Ndugu, kusali tu wapi! Chukua Redon, monasteri iliyoanzishwa mwaka 832 na Conwoion, abati (mkuu) wake wa kwanza, pale mito ya Vilaine na Oust inapokutana. Nakala za hati zake za kale zipo hadi leo, zaidi ya 300, nyingi za karne ya 9: fulani katoa shamba, fulani kauza, majirani wamegombania mpaka, mashahidi wametajwa kwa majina.

Kilichonivutia mimi ni chumvi. Walipewa mashamba ya chumvi upande wa Guérande, huko pwani. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi vya udongo, jua na upepo vinayakausha, chumvi inakwanguliwa. Bila chumvi, samaki na nyama havifiki mbali, kwa hiyo hiyo ilikuwa mali kwelikweli.

Upande wa watakatifu nao una vituko. Monasteri mpya haikuwa na masalia ya mtakatifu, na bila hayo mahujaji watafuata nini? Basi Conwoion na wenzake wakaenda mji wa Angers, wakafungua kaburi usiku na kuondoka na mifupa ya Mtakatifu Hypotemius. Watawa wenyewe ndio walioisimulia habari hiyo, tena kwa fahari! Baadaye Conwoion alikwenda Roma, na Papa Leo wa 4 akampa masalia ya Papa Marcellinus. Safari hiyo, angalau, alipewa.