Sikio linatoa usaha mwaka mzima, nalo limejaa mafuta ya nazi

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Tuko Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu wa miaka 8 anatoka usaha sikio la kulia tangu mwaka jana. Hukauka wiki mbili tatu, kisha huanza tena, hasa akishaoga baharini na wenziwe. Halimuumi. Amoksilini ya dukani amekunywa mara tatu bila nafuu. Bibi yake humtia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, na anatukataza kulikausha, eti usaha ukizuiwa utapanda kwenye ubongo. Sasa yuko mtu anauza matone ya mitishamba, anasema siku saba limepona. Nimnunulie?

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Usinunue, na mafuta ya bibi yakome leo.

Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili bila kuuma lina tundu kwenye ngoma yake. Halimuumi kwa sababu usaha umepata pa kutokea, si kwa sababu ugonjwa ni mdogo. Na hapo ndipo watu wanaponishinda: wanatia vitu sikioni kana kwamba ngoma bado nzima. Ikiwa na tundu, chochote unachomimina kinapita moja kwa moja hadi sikio la kati, penye vile vifupa vidogo vya kusikia. Mafuta ya nazi, kitunguu thaumu, maziwa ya mama, unga wa kidonge cha rangi mbili kilichofunguliwa: vyote huganda humo, huchanganyika na usaha, na dawa yenyewe ikija haipati pa kugusa.

Amoksilini ina kazi yake. Mtoto aliyeanza kuumwa sikio jana, ana homa na hakulala usiku, huyo itamfaa, na ndiyo maana imepata jina. Sikio la mwaka mzima lina wadudu wengine. Aliye maarufu humo ni Pseudomonas, ambaye kwa asili yake hasikii amoksilini. Mpe paketi tatu au kumi, ni mamoja. Dawa ya sikio hili ni ya matone, na iingie kwenye sikio lililokaushwa.

Haya yamepimwa hapahapa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uligawa wanafunzi wa shule za msingi za Kiambu mafungu matatu. Baada ya wiki 16, waliofutwa usaha na kupewa antibaiotiki pamoja na matone walikauka asilimia 51. Waliofutwa tu, asilimia 22. Wasiotibiwa kitu, 22 vilevile. Kwa hiyo kufuta bila dawa ni sawa na kukaa tu. Utafiti mwingine, wa 2005, ulilinganisha matone ya siprofloksasini, ambayo ni antibaiotiki, na asidi ya boriki iliyotiwa kwenye spiriti: katika wiki mbili walikauka asilimia 59 dhidi ya 32. Tazama hata dawa bora inavyobakiza watoto wengi ambao hawajakauka, halafu mpime anayekuahidi siku saba kwa kila sikio.

Sasa namna ya kufanya, kwani wengi huandikiwa matone sahihi na kuyatia vibaya. Sokota kitambaa laini cha pamba kilicho safi, au tishu ngumu isiyopukutika, uwe utambi. Ingiza taratibu, uache unyonye, utoe, uweke mwingine, mpaka utambi utoke mkavu. Kwa sikio lenye usaha mwingi huenda tambi tano au sita. Vijiti vya pamba viache, vinasukuma usaha ndani. Kisha shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto. Matone ya baridi humtia mtoto kizunguzungu, na kesho atakukimbia. Alale ubavu, sikio bovu juu. Livute juu na nyuma, tia matone kwa idadi uliyoandikiwa, halafu kibonyeze kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio mara kadhaa. Kubonyeza huku ndiko kunakoisukuma dawa ipite kwenye ngoma, na ndiko kunakosahauliwa. Abaki amelala dakika tano. Kwa kawaida ni mara tatu kwa siku, siku 14, hata kama limekauka siku ya nne. Ukipewa siprofloksasini ya macho usishtuke: ya macho hutiwa sikioni, ya sikio haitiwi jichoni.

Baharini asiingie kwa sasa. Akioga nyumbani, pamba yenye vaselini sikioni, na itolewe akimaliza tu.

Matone hukausha, tundu halizibi kwa sababu yake. Mpeleke hospitali ya King Fahad akatazamwe ndani ya sikio na apimwe usikivu, maana mtoto anayekaa nyuma chuoni na kuitwa mtukutu mara nyingi hasikii. Usaha ukiwa na harufu mbaya isiyoisha, lazima aonwe na mtaalamu wa masikio: huenda kuna ngozi imeota ndani inayokula mfupa, na hiyo ni kazi ya upasuaji, haina matone.

Kuhusu ubongo, bibi yuko nusu sahihi. Usaha wa sikio unaweza kufika huko, lakini ni ule ulioachwa.

Na nyinyi wengine mnaosoma: chupa isiyo na jina la dawa isitiwe sikioni. Hata yenye jina, muulizeni muuzaji kama ni jentamaisini, kwani ikipita kwenye tundu inaweza kuua chembechembe za kusikia zilizo sikio la ndani, na hizo hazioti tena. Zile siku saba za mitishamba zinaniudhi kuliko bei yake, kwa kuwa yako masikio yasiyo na siku saba za kungoja. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, mdomo kwenda upande, kizunguzungu kikali, shingo kukakamaa, kichwa kuuma pamoja na homa na kutapika: hata aliye Faza au Kizingitini atafute boti siku hiyohiyo.