Maswali na Majibu: Kwa Nini Krispi za Ndizi Huungua Pembeni na Kubaki Laini Katikati?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo ana mwaka mmoja na nusu, na ninaishi Tanga. Nimeamua kupunguza biskuti na pipi nyumbani, hivyo hukata ndizi mbivu na maembe vipande vyembamba na kuvioka katika oveni yangu ndogo ya umeme kwa nyuzi 180, dakika 40 hivi. Kila mara pembeni huungua huku katikati kukiwa bado na majimaji, na hata vile vinavyokauka vizuri, kesho yake vinakuwa vimelegea. Ndizi nazo hubadilika rangi na kuwa nyeusi hata kabla ya kuingia kwenye oveni. Jirani yangu ananishauri ninyunyizie sukari au nipake asali ili zikauke na kung'aa. Nakosea wapi, na je, vitafunwa hivi vinawafaa watoto wote wawili?

JIBU: Dada, nakushukuru kwa kueleza kila hatua, kwa kuwa maelezo yako yenyewe yanaonyesha chanzo cha tatizo, nacho ni joto. Ndizi mbivu iliyomenywa ina maji yanayofikia takriban robo tatu ya uzito wake, na nyama ya embe ina maji mengi zaidi, karibu asilimia 83. Krispi inayovunjika kwa sauti, ile ambayo wengine huiita kaukau, haipaswi kubakiwa na maji yanayozidi asilimia 5 hivi. Maana yake ni kwamba ukiweka kwenye trei kilo moja ya ndizi zilizomenywa, unatakiwa kutoa ndani yake takriban gramu 740 za maji na kubaki na gramu 260. Tunda lilikwisha kuiva kabla hujalinunua, hivyo oveni haina kazi ya kuliivisha. Kazi yake ni kulikausha, na kukausha kunahitaji joto la wastani, muda wa kutosha na njia ya mvuke kutoka.

Kwa nyuzi 180, maji yaliyo juu ya kipande hutoweka haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kusafiri hadi juu. Baada ya dakika chache uso wa kipande hujifunga kwa gamba kavu, na gamba hilo huyazuia maji ya katikati yasitoke. Wakati huohuo pembe, ambazo ni nyembamba na tayari hazina maji ya kuzipoza, hupanda joto upesi, na sukari ya tunda huanza kuungua. Sukari aina ya fruktosi, ambayo imo kwa wingi katika matunda, huanza kubadilika rangi na ladha kwenye nyuzi 110 hivi, kwa hiyo nyuzi 180 ni mbali mno kwa kipande kilichokwisha kukauka pembeni. Ziko sababu za kiafya pia. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vyenye wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa joto kali hadi kukauka, hujitengenezea kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo tunashauriwa kuipunguza katika chakula kadiri inavyowezekana. Hutokea zaidi joto linapozidi nyuzi 120 na chakula kinapopata rangi ya kahawia iliyokolea, na ndizi ambayo bado ina wanga haikwepi jambo hilo. Kipande chenye rangi ya dhahabu kinatosha. Kilichokuwa cha kahawia iliyokolea kitupe, usimpe mtoto kwa kuona huruma ya kupoteza chakula.

Kwa hiyo shusha joto hadi kati ya nyuzi 90 na 100, na ukubali kwamba kazi itachukua saa mbili hadi tatu. Kata vipande vya unene wa milimita tatu, tena vyote vilingane, kwa sababu trei yenye vipande vya milimita mbili na vya milimita tano itakuletea vilivyoungua na vilivyo vibichi kwa pamoja hata joto likiwa sahihi kabisa. Vipange visigusane, juu ya karatasi ya kuokea au, ikiwezekana, juu ya wavu uliowekwa ndani ya trei ili hewa ipite chini pia, kisha uvigeuze inapofika nusu ya muda. Mlango wa oveni uache wazi kidogo kwa kuubania mwiko wa mbao, kwa kuwa oveni ndogo iliyofungwa hujaa mvuke, na katika mvuke mwingi hakuna kinachokauka. Hakikisha tu mtoto mdogo hawezi kuufikia mlango huo. Oveni nyingi za nyumbani, hasa ndogo za mezani, husoma joto kwa kukosea nyuzi kumi au ishirini, hivyo kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni kitakusaidia kuliko kuamini namba zilizoandikwa kwenye swichi.

Ukiwa na mizani ya jikoni, huhitaji kubahatisha. Pima vipande kabla ya kuvioka, na uvipime tena vinapoonekana kukaribia. Gramu 400 za ndizi zikibaki gramu 105 hivi, umefika. Zikiwa bado gramu 150, zina maji mengi hata kama zinaonekana kavu kwa nje. Asiye na mizani atumie jaribio hili: toa kipande kimoja, kiache juu ya sahani dakika mbili hadi kipoe, kisha ukivunje. Usihukumu kikiwa cha moto. Sukari ikiwa na joto hulainika na ikipoa hukakamaa, kama vile kashata inavyotoka jikoni ikiwa laini na kuwa ngumu inapopoa. Wapo wengi wanaoendelea kuoka hadi kipande kiwe kigumu kikiwa ndani ya oveni, na hapo ndipo huunguza trei nzima iliyokuwa tayari.

Aina na ukomavu wa ndizi una uzito mkubwa. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, unaokaribia robo ya uzito wake, na inapoiva karibu wanga wote hugeuka kuwa sukari. Wanga ndio unaoipa krispi ugumu wake, ilhali sukari huvuta unyevu na kunata. Chukua ndizi ya manjano ambayo bado ni ngumu, ncha zake zikiwa na ukijani kidogo. Ndizi iliyokwisha kupata madoa meusi ni tamu sana kwa kula, lakini krispi zake zitanata kwenye meno hata uzikaushe namna gani; hiyo iwekee matumizi mengine nitakayoyataja mwishoni.

Weusi unaouona kabla ya kuoka husababishwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kilichomo ndani ya tunda. Kisu kinapokata seli, kimeng'enya hicho hukutana na kemikali za tunda ziitwazo fenoli na hewa ya oksijeni, na matokeo yake ni rangi ya kahawia. Si uchafu wala si kuoza, na hakumdhuru mlaji, ila kunaharibu sura na ladha kidogo. Asidi hukidhoofisha kimeng'enya hicho, na vitamini C huirudisha nyuma rangi inapoanza kujitengeneza. Maji ya ndimu yana vyote viwili. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu kwa kila kikombe cha maji, katia ndizi moja kwa moja ndani ya bakuli hilo, ziache dakika tatu hadi tano, kisha zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi. Usiziloweke nusu saa, kwa kuwa utakuwa unaziongezea maji ambayo baadaye utalipia umeme kuyatoa.

Sasa kuhusu kulegea kesho yake, ambako ndiko Tanga inakotofautiana na Dodoma. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huzidi. Krispi ya tunda ni kitu kikavu kilichojaa sukari, hivyo hunyonya unyevu wa hewa bila kukoma. Bakuli lililoachwa mezani jioni moja linatosha kulegeza kila kitu. Mkazi wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, anaweza kuziacha wazi muda mrefu zaidi na zisipate shida hiyo. Wewe ziache zipoe kabisa, dakika 15 hadi 20, usizipitishe hapo, kisha uzitie kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko unaobana. Ukizifunika zikiwa na joto, mvuke wake utarudi kuzilowesha. Gawa katika vyombo vidogo vidogo ili kila unapofungua kimoja, vingine visiingie hewa. Zilizolegea bila kuonyesha ukungu wala harufu ngeni zirudishe kwenye oveni nyuzi 90 kwa dakika 15 hivi, nazo zitakakamaa tena zikipoa.

Ushauri wa jirani, pamoja na nia yake njema, usiufuate. Sukari ikinyunyiziwa juu ya tunda lililokatwa huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuwa sharubati inayotandaa juu ya kipande. Sharubati hiyo huchelewesha kukauka, huungua kabla ya tunda, na baada ya kuokwa huvuta unyevu wa hewa kwa nguvu zaidi, hivyo unajiongezea matatizo yaleyale uliyoniandikia. Asali hufanya vivyo hivyo. Tena Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Ukipaka asali unakigeuza kitafunwa kizuri kuwa kile ulichokuwa unakikimbia. Na kwa manufaa ya wasomaji wenye watoto wachanga, asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa, kwa kuwa bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu inayopoozesha misuli, hujikinga kwa ganda ambalo joto la oveni kwenye kitafunwa cha aina hii haliliharibu.

Hata hivyo, kutokuongeza sukari hakumaanishi kula bila kipimo. Ndizi moja ya wastani ikikaushwa hubaki kama gramu 30 tu, lakini sukari yake yote, karibu gramu 14, imo humohumo. Mtoto ambaye angeshiba kwa ndizi moja au mbili anaweza kumaliza krispi za ndizi nne akiwa anacheza. Hesabu kwa ndizi: anayestahili ndizi moja apewe krispi za ndizi moja, pamoja na maji ya kunywa, na apige mswaki kama kawaida, kwa sababu tunda kavu hukaa kwenye meno. Nyuzilishe na potasiamu hubaki, ila sehemu kubwa ya vitamini C hupotea kwa joto na hewa. Kwa hiyo krispi zichukue nafasi ya biskuti, na matunda mabichi yaendelee kuwapo mezani.

Maembe usiyalazimishe kuwa krispi. Embe bivu halina wanga wa kulikakamaza, na mwisho wake mzuri ni kuwa kama ngozi laini inayotafunika. Ponda nyama ya embe, au uipitishe kwenye chujio kama lina nyuzi nyingi, itandaze juu ya karatasi ya kuokea kwa unene wa milimita nne hivi, na uikaushe kwa joto la chini kabisa la oveni yako, nyuzi 60 hadi 70 ikiwezekana, mlango ukiwa wazi kidogo, kwa saa nne hadi nane. Iko tayari ukigusa katikati na kidole kisinate. Ibandue, ikate vipande virefu, izungushe pamoja na karatasi yake na uihifadhi kwenye friji, kwa kuwa ina unyevu zaidi ya krispi na kwa joto la pwani inaweza kuota ukungu.

Swali lako la mwisho ndilo ninalokuomba ulizingatie kuliko yote. Mtoto wa miaka saba anaweza kula krispi hizi akiwa ameketi, lakini wa mwaka mmoja na nusu asipewe. Kipande kikavu na kigumu huvunjika mdomoni kuwa ncha ambazo mtoto asiye na magego ya kutosha hawezi kuzisaga, naye anaweza kukabwa. Subiri angalau atimize miaka minne. Na ngozi ya embe pia, kwa kuwa inanata, isubiri.

Kwa huyo mdogo tumia zile ndizi zenye madoa meusi, na hapa ndipo nyuzi 180 zako zinapofaa. Ponda ndizi mbili zilizoiva sana, changanya na kikombe kimoja cha oti laini, chota kwa kijiko na kuweka kwenye karatasi ya kuokea, ubonyeze kidogo, kisha uoke dakika 12 hadi 15. Hazihitaji sukari, maziwa wala mayai. Zinatoka laini, mtoto anazipondaponda kwa ufizi, na kaka au dada yake atazipenda pia. Kwa kuwa zimebaki na maji mengi ndani, tengeneza za siku hiyo tu, au uziweke kwenye friji zisizidi siku tatu.