Gari la Chupa, Mpira wa Bendi na Mikono ya Mtoto

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mama wa watoto wawili wa kiume, aliniandikia akiniuliza afanye nini na wanawe ambao wakirudi kutoka shule hawana jingine ila kugombania simu yake. Alisema alikwisha kuwanunulia magari ya betri ya dukani. Siku ya kwanza yalichezewa hadi usiku, na baada ya hapo yakabaki chini ya kitanda. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini naona suala hili linastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnatamani ninachokitamani mimi, yaani kulea mtoto ambaye akiona kitu kimekwama hakimbilii kulia, bali anakigeuza na kutazama chini yake.

Nimekulia Tanga, na kitu cha kwanza nilichokitengeneza kikazunguka kilikuwa pangaboi la ukuti. Unachukua vipande vya ukuti mbichi, unavifuma vipishane, unachoma mwiba katikati, kisha unakimbia ukikabili upepo hadi pumzi ikuishie. Hakuna mzazi aliyetununulia, na hakuna mwalimu aliyetufundisha. Mkubwa alimwonyesha mdogo, basi. Binti yangu alipofikisha umri wa kwenda shule niliona kwamba hana mkubwa wa kumwonyesha, kwani tunaishi Dar es Salaam katika nyumba za kupanga zenye ua mdogo, na minazi iko mbali. Nikaamua kuwa mimi ndiye huyo mkubwa.

Tulianza na gari la chupa, na hata leo humshauri kila mzazi aanzie hapo. Mahitaji yake yamo jikoni: chupa ya maji ya nusu lita, vifuniko vinne vya chupa, njiti mbili za mishikaki na mrija. Mrija ukikosekana, kikonyo cha jani la papai kinafaa sana kwa kuwa kina uwazi ndani, chagua chembamba. Vipande viwili vya mrija hufungwa kwa seloteipu chini ya chupa, kimoja mbele na kingine nyuma, njiti hupita ndani yake, na vifuniko huchomekwa kwenye ncha za njiti. Siri yote iko katika jambo moja: gurudumu lishikane na njiti kwa nguvu, na njiti izunguke ndani ya mrija bila kubanwa. Ukiyageuza haya mawili, gari litakwama hata ukilisukuma kwa mguu.

Gari letu la kwanza lilitembea huku likichechemea. Nilijua sababu, lakini nilinyamaza. Binti yangu alilala kifudifudi sakafuni, shavu likiwa karibu na sementi, akamwomba mdogo wake alisukume polepole.

“Baba, hili gurudumu linapanda na kushuka.”

“Sasa tufanyeje, mama?”

Alikichomoa kifuniko, akakitazama, akasema tundu haliko katikati. Hapo ndipo nilipomwonyesha namna ya kuipata katikati: weka kifuniko juu ya karatasi, kizungushie kalamu, kata duara hilo, likunje mara mbili, kisha likunjue, pale mikunjo inapokutana ndipo pa kutoboa. Kazi ya kutoboa kwa msumari uliopashwa moto ilibaki kuwa yangu. Kazi ya kugundua kosa ilikuwa yake, nami nasisitiza hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo wazazi wengi humnyang’anya mtoto bila kujua. Mwache mtoto ashike. Mwache akosee, atazame, ashike tena.

Baada ya gari la kusukuma tulikwenda kwenye gari linalojiendesha, ambalo ndilo fahari ya nyumba yetu. Hutengenezwa kwa kigurudumu kinachobaki uzi wa cherehani unapokwisha, ambacho fundi cherehani yeyote atakupa bure. Mpira wa bendi (rababendi) hupitishwa kwenye tundu lake. Upande mmoja huzuiwa na kipande cha njiti ya kiberiti kilichobandikwa kisizunguke, na upande wa pili hupita kwanza katika kipande cha mshumaa kilichokatwa kama kisahani na kutobolewa katikati, ndipo ukashikwa na kijiti kirefu. Zungusha kijiti hadi mpira ujisokote vizuri, kisha uweke sakafuni. Kijiti hugusa chini na kushindwa kuzunguka, kwa hiyo mpira unapojisokotoa hulazimisha kigurudumu chenyewe kitembee. Mshumaa ndio unaopunguza msuguano. Ukiuacha, gari husimama, au nguvu zote humalizika kwa mruko mmoja. Jumamosi iliyopita, baada ya kukata meno kwenye kingo ili lishike vizuri, gari la binti yangu lilipanda juu ya kitabu kinene na kushuka upande wa pili, na nyumba nzima ikapiga makofi.

Si wote waliopiga makofi huko nyuma. Mwaka jana shule moja iliandaa maonyesho ya kazi za watoto, na binti yangu akapeleka gari lake lenye magurudumu ya ndala kuukuu. Tulipofika tulikuta kazi zilizonunuliwa dukani na kuunganishwa na wazazi zimepangwa juu ya meza yenye kitambaa, na gari lake limewekwa chini, pembeni, kwa maelezo kwamba ni takataka. Aliniuliza njiani kama ni kweli. Bado linaniuma.

Ndugu zangu, tusiwafundishe watoto kuionea haya kazi ya mikono yao. Mwaka 1878, huko Marekani, mchungaji mmoja aliwaletea wanawe kitu cha kuchezea cha karatasi, mianzi na kizibo, kilichorushwa na mpira uliosokotwa. Kilipovunjika, watoto hao, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, wakaanza kuunda vyao. Hao ndio ndugu Wright, walioruka na ndege yenye injini tarehe 17 Desemba 1903. Nchini India, mhandisi Arvind Gupta ametumia miongo mingi kufundisha sayansi kwa njiti za kiberiti na vipande vya mpira wa baiskeli, na mwaka 2018 serikali yake ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Mzazi anayetupa chupa kabla mtoto hajaigusa anatupa darasa zima.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, weka mbali visoda na vifuniko vidogo, kwani huishia mdomoni. Kwa wanaopenda tiara, tumieni karatasi nyepesi au gazeti; mifuko ya plastiki ya rambo tuliyoizoea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na karatasi hupaa vizuri mkia ukiwa mrefu wa kutosha.

Mtoto akishayazoea haya, nenda kwa fundi redio wa mtaani kwenu uombe mota ndogo iliyotolewa kwenye gari la betri la kuchezea lililokufa. Iunganishe na betri mbili ndogo kwa waya mbili, chomeka kwenye mhimili wake pangaboi lililokatwa kwenye chupa, uifunge nyuma ya gari la chupa. Likirudi nyuma badala ya kwenda mbele, usiseme kitu. Mpe mtoto muda wa kujaribu kubadilisha mahali pa zile waya mbili.