Kwa anayeanza kazi ya kuwanusuru pomboo nyavuni

Ukipewa ving'ora vya kufunga kwenye nyavu, vile vifaa vya betri vinavyolia majini kuwatahadharisha pomboo, utadhani kazi ni kuvifunga tu. Mimi nilidhani hivyo. Msimu wangu wa kwanza nilivihesabu vyote kwenye kamba ya maboya, nikaandika "vimekamilika". Asubuhi tukavuta wavu na kumkuta porposi, yule jamaa ya pomboo mwenye pua butu, ameshakufa. King'ora kilichokuwa karibu naye kilikuwa kimeisha betri.

Pomboo na porposi si samaki. Wanavuta hewa kama sisi. Akinaswa chini anakosa pumzi, na ni suala la dakika chache tu. Uzi mwembamba wa nailoni hurudisha mwangwi hafifu mno, kwa hiyo mara nyingi huutambua akiwa ameshaufikia.

Mwaka 1994, katika Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nyavu zote za jaribio zilifungwa ving'ora vya sura moja, ila nusu yake vilikuwa bubu. Zenye vinavyolia zilinasa porposi 2. Zenye mabubu, 25. Mara nyingi hurudia hesabu hiyo ninapoona mtu anafunga bila kupima.

Basi pima. Tumbukiza kila kimoja kwenye ndoo ya maji ya bahari, inamisha sikio. Mlio ni wa kilohezi 10, yaani sauti nyembamba ya juu, mfupi sana, na kwa vile vya kawaida hurudi kila baada ya sekunde 4. Wazee waliokaa miaka mingi na injini huenda wasiusikie, kwa hiyo mwombe kijana wa chomboni asikilize. Nahodha akikuharakisha, mwombe radhi kwa adabu, umalize ndoo yako.

Kwa pomboo wakubwa ving'ora havijaaminika kiasi hicho. Pakistan, wavuvi wa jodari walizishusha nyavu zao za kuelea mita 2 hivi chini ya uso wa maji. Pomboo walionaswa wakapungua sana, na jodari wakaendelea kupatikana.

Ukimkuta mnyama wavuni yu hai, mshike chini ya tumbo, tundu la pumzi liwe juu ya maji, ukate uzi. Usimvute mkia kamwe.

Na andika kila mvuto wa wavu, hata usionasa kitu. Akinaswa pomboo au porposi, andika king'ora cha karibu kilikuwa umbali gani, kisha kitie ndooni tena papo hapo, uandike kama kilikuwa kinalia.