"Gesi imepoteza ulinganifu" au "ulinganifu umepotea"?

SWALI: Ninaandika makala ya fizikia kuhusu gesi za kwanta, zile zilizopoozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Niliandika "gesi imepoteza ulinganifu wa awamu", yaani mawimbi ya atomi zake hayapandi na kushuka tena kwa pamoja (awamu ni hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake). Mhariri amefuta, akaweka "ulinganifu wa awamu umepotea". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kisarufi, nyote wawili. "Poteza" ni kauli ya kutendesha ya "potea", ila imeshazoeleka hata pasipo kusudi: mtu hupoteza fahamu. Ungeweza pia kusema gesi "imepotewa na" ulinganifu, ingawa kwangu kitenzi hicho kinamfaa zaidi mtu anayeumia kwa alichokikosa.

Mimi nasumbuliwa na jingine: je, ulinganifu huo umepotea kweli? Mwaka 2002 mjini Munich, Markus Greiner, Immanuel Bloch na wenzao walitawanya atomi za rubidi katika vishimo vingi vidogo vilivyotengenezwa kwa mwanga wa leza. Idadi ya atomi katika kila kishimo haikuwa bayana, na awamu ya wimbi ilikwenda kwa kasi iliyotegemea idadi hiyo, kwa kuwa atomi husukumana. Ruwaza ya mawimbi kuingiliana, ambayo huonekana awamu zinapolingana, ikafutika. Kabla milisekunde moja haijaisha, ikarudi! Kasi zile zilikuwa zimetofautiana kwa hatua kamili, kwa hiyo awamu zote zikakutana tena. Kilichorudi chenyewe namna hiyo hakikuwa kimepotea. Hapo andika "awamu zimepishana", maana anayepishana na mwenzake angali njiani. Au "ulinganifu umefifia, kisha ukarejea".

"Potea" kiweke pasipo na marejeo. Atomi tatu zinapogongana, mbili zikaungana kuwa molekuli, nishati inayotoka kwa kawaida huzirusha zote nje ya mtego unaoishikilia gesi. Au fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapogonga atomi na kuondoka na habari za mahali atomi hiyo ilipo. Habari hizo hazikusanyiki tena. Kama aya yako inaeleza mambo ya namna hii, mfuate mhariri. Kama inaeleza jaribio la aina ya lile la Munich, mrudishie makala na umwombe mtafute kitenzi kingine, maana msomaji akishaambiwa "umepotea" hatategemea kuuona tena aya inayofuata.

Na tafadhali, "atomi zimepishana", si "maatomi yamepishana". Neno hilo limekaa vizuri katika ngeli ya I-ZI.