Klopirifosi: sumu iliniingilia mgongoni, sio puani

Mkuu, umeuliza kama klopirifosi, hii dawa ya kuua wadudu shambani, ni salama kwa vile chupa ina ukanda wa njano na umeambiwa ni "sumu ya wastani tu", halafu mwishoni ukagusia kwamba jana baada ya kupulizia kichwa kiliuma na macho yakaona ukungu. Hapo mwisho ndo pamenishtua, maana mimi nilianza hivyohivyo, kwahiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Nimeipulizia misimu minne, ile ya gramu 480 kwa lita, kwa ajili ya mchwa na wale sota wanaokata miche usiku. Inafanya kazi, hilo sitakudanganya. Inashikana na udongo vizuri, haisombwi na maji kirahisi, mdudu akiigusa au akiila au hata akivuta mvuke wake anakufa, ndo maana toka ilipoingia sokoni 1965 watu wameitumia kwenye pamba, mahindi, miti ya matunda mpaka kwenye misingi ya nyumba.

Sasa siku yenyewe. Bomba langu la mgongoni lilikuwa na mpira wa mfuniko umechakaa, kila nikiinama linavuja kidogo linashuka mgongoni mpaka kiunoni. Nikasikia ubaridi, nikajua ni jasho, nikaendelea na shati limelowa masaa kama matatu hivi. Puani nilikuwa nimevaa barakoa nzuri kabisa, harufu siisikii, nikajihesabu niko salama. Jioni nimekaa naona giza limewahi kuingia, nikauliza mbona taa inawaka hafifu leo, mwenzangu akanisogelea na tochi akaniambia mboni zako zimekuwa kama ncha ya sindano. Na kweli, alivyonimulika hazikubadilika. Kope ya kushoto inarukaruka yenyewe, mate yanajaa mdomoni nikimeza yanarudi, jasho linatoka nimekaa tu, na kifua kinakoroma kama mtu mwenye nimonia.

Kinachotokea ndani ni hivi. Neva ikitaka msuli ujikaze inaachia kemikali inaitwa asetilikolini, ujumbe ukishafika kuna kimeng'enya cha kuifagia (kolinesterasi) ili msuli upumzike. Dawa hizi za jamii ya oganofosfeti zinakikamata hicho kimeng'enya, basi ujumbe haufutiki, kila tezi inamwaga na kila msuli unatetemeka mpaka unachoka, na kinachoua hasa ni pumzi, mapafu yanajaa majimaji huku misuli ya kupumulia imeshaishiwa nguvu. Tena klopirifosi yenyewe sio kali sana mpaka ini liibadilishe kuwa oksoni, ambayo ndo kali yenyewe, na inapenda mafuta ya mwili inajificha humo, kwahiyo unaweza kumaliza kazi uko fiti kabisa halafu mambo yakaanza baadaye. Ndo maana mtu akisema "mbona sikusikia kitu wakati napulizia" simwelewi, hicho sio kipimo.

Hospitali nilienda na chupa yenyewe, na nashukuru sana kwa hilo kwasababu daktari alisoma jina la kiambato akajua aanzie wapi. Wakanivua kila kitu, wakanisugua kwa sabuni na maji mpaka kwenye nywele na chini ya kucha, nao wamevaa glavu. Nikachomwa atropini, dawa ya kukausha yale majimaji, wakawa wanarudia huku wanasikiliza kifua mpaka kikakauka, halafu pralidoksimu, ambayo kazi yake ni kuing'oa sumu kwenye kimeng'enya, ila hiyo inataka uwahi maana kadri masaa yanavyopita ule mshikamano unagoma kuachia. Nikadhani nimepona niondoke, wakakataa, wakanibakiza siku nne. Kumbe kuna udhaifu wa pili unaweza kuja kati ya siku ya kwanza na ya nne, shingo inalegea, mikono haiinuki mabegani, na pumzi inaweza kukata mtu akiwa anaonekana mzima. Kimeng'enya changu kwenye damu kilikuwa chini sana na kilichukua karibu miezi mitatu kurudi, kinapanda kama asilimia 1 kwa siku tu. Sasa fikiria mtu anayepulizia kila wiki, anakishusha tena kabla hakijapanda, siku moja dozi ndogo tu inamwangusha na watu wanashangaa.

Turudi kwenye hiyo "wastani". Ule ukanda wa njano ni daraja la II la Shirika la Afya Duniani, msingi wake ni dozi inayoua panya mara moja. Haukwambii chochote kuhusu kidogokidogo cha kila siku wala kuhusu mtoto, na hapa kwa watoto ndo naumia zaidi. Watoto waliofuatiliwa New York toka tumboni, ambao damu ya kitovu ilikuwa na klopirifosi nyingi, walikuja kupata alama za chini kwenye vipimo vya akili na kumbukumbu. Marekani walianza kuiondoa majumbani mwaka 2000, Umoja wa Ulaya wakakataa kuongeza kibali 2020, na 2025 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, ifutwe, japo kuna baadhi ya matumizi yameachwa kwa muda. Nyuki na samaki pia inawamaliza, usisafishie bomba mtoni hata kidogo.

Mimi nimeiacha. Ukiwa bado unayo na inaruhusiwa ulipo, jaza bomba maji matupu kwanza ulitikise uone kama linavuja, vaa glavu za nitraili sio za kitambaa, na nguo ikilowa vua palepale uoge, usisubiri umalize eneo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mtoto asikukumbatie kabla hujaoga.

Ila kwa hali uliyoeleza hayo ni ya baadaye. Oga sasa hivi kwa sabuni, kichwani pia, nenda hospitali leo na hiyo chupa, wapime kolinesterasi na wasikilize kifua. Usijitapishe na usiendeshe mwenyewe, macho yako hayaoni vizuri. Na hata wakikuruhusu, ndani ya hizo siku nne ukishindwa kuinua kichwa kwenye mto rudi usiku uleule.